Mshahara Unaolipwa Mwishoni: Uanagenzi wa Waigbo na Namna Unavyozaa Wenye Maduka

Ukiingia soko la Alaba International kule Ojo, Lagos, ukawauliza wenye maduka ya televisheni na spika walipata wapi mtaji wa kwanza, wachache watataja benki. Wengi watamtaja mtu: tajiri aliyewachukua wakiwa vijana, wakamtumikia miaka mitano, sita au saba bila mshahara, kisha akawafungulia duka, pengine kwenye safu ileile ya maduka yake. Jibu ni hilohilo kwenye spea za magari za Ladipo, hapohapo Lagos, kwenye Main Market ya Onitsha, kwenye spea za pikipiki za Nnewi, na kwa mafundi viatu wa Ariaria mjini Aba.

Mfumo huu Waigbo wa kusini mashariki mwa Nigeria wanauita igba boi. Tajiri ni oga, kijana ni nwa boi. Miaka ya karibuni umesifiwa sana, hata na walimu wa vyuo vya biashara vya Ulaya na Marekani, kama ukarimu wa pekee wa Kiafrika. Wapo pia wanaouita utumwa wa watoto uliovikwa kanzu ya mila. Pande zote mbili zinautazama kwa macho ya huruma, na ndiyo maana haziuelewi. Igba boi ni mkataba wa kazi ambao mshahara wake unabaki kwa mwajiri kwa miaka, halafu unalipwa kwa mkupuo mmoja ukiwa tayari umekuwa mtaji. Kila mwezi unaopita, kijana anamdai tajiri wake kidogo zaidi. Deni hilo halina hati wala dhamana. Nguvu ya mfumo inatoka hapo, na karibu kila ugomvi wake unatoka hapohapo.

Njia tatu zinazochanganywa

Watu wa nje huweka kila mwanagenzi wa Kiigbo kwenye kapu moja, ilhali njia ziko tatu na masharti yake hayafanani.

Igba boi ndiyo ndefu. Kijana anahamia kwa tajiri, analala na kula kwake, halipi ada wala halipwi mshahara. Mwishoni anapewa mtaji.

Imu ahia ni kujifunza biashara kwa kulipia. Mara nyingi anayeichagua ni mtu mzima aliye na mtaji wake, au mwenye ndugu wa kumpa, asiyeijua bidhaa. Anamlipa mwenye duka, anashinda naye miezi kadhaa hadi mwaka au miwili, jioni anarudi kwake. Akimaliza wameachana, hakuna anayemdai mwenzake.

Imu oru ni ya ufundi: ushonaji, uchomeleaji, makanika, viatu. Hapa familia hulipa ada au kijana hulipa kwa miaka ya kazi, na anapohitimu huondoka na ujuzi, baraka na pengine vifaa vichache. Fundi hana wajibu wa kumpangia karakana.

Kesi nyingi zinazofika kwa wazee huanzia hapa. Familia inadhani imempeleka kijana igba boi, mwenye karakana anadhani amepokea mwanafunzi wa imu oru, na hakuna aliyeuliza siku ya kwanza.

Kijana anavyopokewa

Msimu wa kutafuta vijana ni Krismasi, wafanyabiashara wanaporudi vijijini kutoka Lagos, Kano, Abuja na nje ya nchi. Ndiyo pia wakati ambao mzazi anaona kwa macho nani amefanikiwa. Mjomba, mama au jirani anamsemea kijana, na oga anaulizia kwao: je, ni watu wa mikono mirefu? Kuna ndugu yake aliyewahi kutumwa akatoroka na fedha? Maswali hayo yanakaa mahali pa dhamana. Familia isiyo na shamba la kuweka rehani inaweka jina lake, na kijana mmoja akiiba, wadogo zake watapata tabu kupokewa popote.

Pande mbili zikiridhiana, zinakutana mbele ya mashahidi kwa kola na mvinyo wa mchikichi. Yanayotakiwa kusemwa ni haya: miaka mingapi, nani atalipia matibabu, kijana ataruhusiwa kwenda nyumbani lini, na ikitokea hawaelewani nusu ya safari itakuwaje. Kiasi cha mtaji wa mwisho mara nyingi hakitajwi. Sababu inayotolewa ni ya maana: hakuna ajuaye biashara itakuwaje miaka sita mbele. Lakini kunyamaza huko kunampendelea upande mmoja, na kila mtu mkekani anajua ni upi.

Mwaka wa kwanza kijana hagusi fedha. Anafagia, anafungua na kufunga vitasa, anabeba maboksi, anakwenda kununua chakula, nyumbani anaosha gari na kufua. Wakati huohuo anakariri bidhaa. Kwenye spea hilo ni shule nzito: lazima atofautishe beringi mbili zinazolingana kwa macho na kutofautiana kwa milimita moja, ajue kifaa cha Corolla ya mwaka gani kinaingia kwenye ya mwaka gani, atambue halisi na feki kwa uzito na kwa chapa ya boksi.

Kisha anaingizwa kwenye oso ahia, yaani kuuza bidhaa ya duka la jirani, na hapa ndipo mfanyabiashara anapopikwa. Chukua mfano, bei ni za kubuni. Mteja anataka alternator ambayo duka halina. Kijana anamwambia akae, ipo stoo. Anakimbia duka la tatu, anapewa kwa naira 45,000 bila kutoa hata senti, anarudi na kumuuzia mteja kwa 52,000, halafu anapeleka zile 45,000. Naira 7,000 zimepatikana bila mtaji. Wa Kariakoo wameshamtambua: ni winga na cha juu chake. Tofauti ni kwamba cha juu hiki ni cha duka la oga, si chake, mpaka atakapopewa ruhusa.

Mchezo huu una namna zake za kuharibika. Mteja akighairi, kifaa kikirudi na mkwaruzo, kimeshanunuliwa. Kijana akichelewesha fedha hadi kesho yake, jirani atampa mara ya pili. Ya tatu ataambiwa hakipo huku kinaonekana rafuni. Akitaja bei kabla hajauliza ya jirani, atauza kwa hasara na hasara hiyo itakumbukwa. Baada ya miaka miwili ya kukimbia hivyo, kijana anajua bei ya kununulia ya safu nzima, anajua nani analipa na nani anazungusha, na yeye mwenyewe anajulikana. Mtaji wake wa kwanza ni huo, na oga hawezi kumnyima.

Baadaye anauza kwa uhuru, anashika daftari, anapeleka fedha benki, anatumwa kwa wauzaji wa jumla, anawasimamia wadogo waliokuja nyuma yake. Wa mwisho kabisa hukabidhiwa tawi na kuliendesha peke yake. Oga mwenye akili huwa ameacha kumfuatilia kila siku, ila hushtukiza kuhesabu mzigo.

Siku ya kufunguliwa, na hesabu yake

Mwisho wa miaka huitwa idu uno. Wengi siku hizi husema tu "settlement", kwa matamshi ya Kinigeria. Ndugu wa pande mbili hukutana tena, kuna sala, kinywaji na maneno ya baraka. Mtaji hutolewa kwa sura tatu: fedha taslimu, kodi ya fremu pamoja na mzigo wa kujaza rafu, au mchanganyiko. Juu yake huongezwa kitu kisichoonekana, ambacho ni idhini ya kuchukua mzigo kwa mali kauli, kutoka kwa oga mwenyewe na kwa wauzaji wake wa jumla. Aliyepewa naira milioni 2 na kuaminiwa mzigo wa milioni 5 ameanza na milioni 7. Aliyepewa milioni 3 huku oga amewaambia watu wasimuamini ameanza na 3, na atajuta.

Tujaribu kulihesabu deni. Tuseme kijana wa kuajiriwa dukani angelipwa naira 40,000 kwa mwezi. Kwa miaka sita ni miezi 72, yaani naira 2,880,000. Ondoa chakula na malazi, kisha ongeza thamani ya mafunzo. Utaona kwamba mtaji wa milioni 1.5 au 2 hauko mbali na mshahara uliowekwa akiba kwa lazima. Tajiri hajatoa zawadi, na kijana hajanyonywa kwa maana rahisi ya neno hilo. Ila kwa miaka sita fedha ile ilizunguka ndani ya biashara ya oga bila riba.

Mbona basi oga haajiri tu? Kwenye soko la fedha taslimu, bei za kupatana na risiti za nadra, mtu wa mshahara ana kila sababu ya kuchomoa kidogo kila siku, na hakuna mkaguzi atakayemgundua. Mwenye malipo makubwa yanayomsubiri mwaka wa sita anafikiria mara mbili kabla ya kupoteza yote kwa naira 5,000.

Swali gumu zaidi ni kwa nini azalishe mshindani mlangoni pake. Sehemu ya jibu ni biashara: mteja anakuja Ladipo kwa sababu kuna maduka mengi, na kila duka jipya linaongeza mvuto wa soko. Aliyefunguliwa hununua jumla kwa bwana wake wa zamani kwa miaka, na oga anapanda kutoka rejareja kwenda uagizaji. Sehemu nyingine ni heshima. Tajiri kwa Waigbo huhesabiwa kwa idadi ya watu aliowafungua, na msemo onye aghala nwanne ya, mtu asimwache nduguye nyuma, unatajwa hadharani na kutumika kumsuta bahili. Kuna adabu ya kulinda kingo pia: aliyefunguliwa hapigi simu kwa wateja wa bwana wake. Wakija wenyewe, ni jambo lingine.

Oga makini hupanga vijana kwa kupishana. Akipokea mmoja kila baada ya miaka miwili kwa mkataba wa miaka sita, muda wote ana watatu: mchanga, wa kati na mkubwa. Kila miaka miwili anafungua mmoja, na anajua mapema fedha hiyo inahitajika lini. Anayepokea wanne kwa pamoja kwa sababu biashara imechangamka anajichimbia shimo. Watamaliza mwaka mmoja, na mwaka huo ndipo tuhuma za wizi zitakapoanza kusikika.

Ulitoka wapi

Hadithi inayosikika zaidi inasema mfumo ulizaliwa baada ya vita vya Biafra, vile vya kujitenga na Nigeria vya 1967 hadi 1970. Haiwezi kuwa kweli yote, maana vipande vyake vinaonekana zamani sana.

Biashara yenyewe ina kina. Igbo-Ukwu, mahali palipogunduliwa mwaka 1938 mtu alipokuwa akichimba birika uani kwake, na baadaye pakachimbwa kitaalamu na Thurstan Shaw kuanzia 1959, palitoa vyombo vya shaba nyeusi vya karne ya 9 hivi na shanga zaidi ya 165,000, nyingi za kioo kilichotoka mbali ng'ambo ya Sahara. Waliozikwa na mali ile walikuwa ndani ya mtandao mrefu wa kubadilishana bidhaa.

Wiki ya Kiigbo ina siku nne: Eke, Orie, Afo na Nkwo. Zote ni siku za soko. Vijiji jirani viligawana siku ili magulio yao yasigongane, na mchuuzi akaweza kuzunguka bila kupumzika. Ndiyo sababu majina ya masoko hadi leo ni kalenda: Nkwo Nnewi, Eke Awka. Juu ya magulio haya yalikuwepo makubwa zaidi kama ya Bende na Uburu, yaliyowakutanisha watu wa mbali kwa mzunguko wa siku 24.

Sehemu kubwa ya Waigbo hawakuwa na wafalme, ingawa Onitsha na Oguta ni mifano ya waliokuwa nao. Cheo kilinunuliwa kwa jasho. Mtu aliyetaka daraja la ozo alilipa ada na kufanya karamu, na ada hiyo iligawanywa kwa wenye cheo waliotangulia. Yeye naye angekula mgao wa watakaofuata. Kwa hiyo heshima ilikuwa pia aina ya pensheni. Mwanaume alikuwa na ikenga, sanamu ya mti yenye pembe, mara nyingi ikishika panga kwa mkono wa kulia, ishara ya juhudi zake binafsi. Ikenga isiyomletea mafanikio ingeweza kutupwa. Ukiunganisha hayo na uhaba wa ardhi, maana kusini mashariki kumesongamana sana, unapata vijana wasio na cha kurithi na wenye kila sababu ya kuondoka.

Uanagenzi wenyewe unaonekana wazi kwa wahunzi wa Awka. Walisafiri kwa makundi yenye maeneo yaliyogawanywa, wakikaa ugenini miezi mingi, na wavulana walifuata wakianzia kwenye mivukuto kabla ya kuruhusiwa kushika nyundo. Nkwerre na Abiriba nao walikuwa na wahunzi wao wa safari.

Kuna ukurasa mwingine usiopendeza, na makala nyingi za kusifu huuruka. Waaro, Waigbo wa Arochukwu, kati ya karne ya 17 na 19, walitawala biashara ya ndani kwa msaada wa mahakama yao ya mizimu, Ibini Ukpabi, iliyoogopwa nchi nzima, na kwa makoloni waliyoyapanda kila penye njia kuu. Bidhaa yao kubwa ilikuwa binadamu, waliopelekwa Bonny na Calabar na kuvushwa Atlantiki. Baadhi ya mateka walibakizwa, wakaingizwa kwenye nyumba za mabwana, wakafanya biashara kwa niaba yao na wengine wakapanda kuwa watu wazito. Mtegemezi anayemzalishia bwana hadi apate nafasi yake, huyo nwa boi anafanana naye kuliko wengi wanavyopenda kukiri. Waingereza waliishambulia Arochukwu mwaka 1901 na 1902, wakati biashara ilikuwa imeshahamia kwenye mafuta ya mawese.

Mawese yaliwanyanyua wanawake. Omu Okwei wa Ossomari, aliyezaliwa 1872 na kufariki 1943, alijenga utajiri mkubwa Onitsha akiuza mawese kwa makampuni ya Kizungu na kuchukua bidhaa zao kwa mkopo. Mwaka 1929, bei ya mawese ikiwa imeshuka na uvumi wa kodi kwa wanawake ukienea, maelfu walisimama dhidi ya serikali ya kikoloni katika Vita vya Wanawake vilivyoanzia Oloko. Zaidi ya 50 waliuawa kwa risasi. Walijua hasa kodi ingewakata wapi, maana biashara ndogo ndogo ilikuwa mikononi mwao.

Reli ya Port Harcourt kwenda Enugu, iliyoanza kazi 1916 kwa ajili ya makaa ya mawe, ilifungua njia ya kutawanyika. Waigbo walifika Kano, Jos na Lagos kama makarani, wachuuzi na mafundi. Louis Odumegwu Ojukwu wa Nnewi, karani wa kuuza matairi kwenye kampuni ya John Holt, aliingia kwenye malori na kuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa nchi kabla ya uhuru. Wana Nnewi wengi walifuata mkondo wa magari, na ndiyo sababu mji ule unaongoza kwa spea hadi leo. Hakuna kamati iliyopanga. Kijana anajifunza anachouza oga wake, anafungua duka la bidhaa hiyohiyo, anamfundisha wa kijijini kwao. Vizazi vitatu baadaye mji mzima una biashara moja.

Pauni 20

Mwaka 1966 Waigbo waliuawa kwa maelfu kaskazini mwa Nigeria, na watu zaidi ya milioni walikimbilia kwao. Tarehe 30 Mei 1967 Chukwuemeka Odumegwu Ojukwu, mtoto wa yule tajiri wa malori, alitangaza mashariki mwa Nigeria kuwa nchi huru ya Biafra. Vita vilianza Julai 1967 na kuisha Januari 1970. Soko la Onitsha lilikuwa limeangamia.

Kisha yakaja mambo matatu. Serikali iliamua kwamba waliokuwa na akaunti zilizotumika ndani ya Biafra wapewe pauni 20 za Nigeria, sarafu ya wakati huo, kila mmoja, awe aliweka 50 au 50,000. Port Harcourt, nyumba za Waigbo ziliorodheshwa kuwa mali iliyotelekezwa, na wengi hawakuzipata tena. Mwaka 1972 sheria ya kuwauzia Wanigeria hisa na biashara za wageni ilipitishwa, wakati ambao Waigbo hawakuwa na fedha wala mikopo ya kununulia.

Hapa ndipo mshahara wa mwisho ulipopata kazi yake kubwa. Mtu mwenye pauni 20 hawezi kumlipa mfanyakazi kila mwezi. Anaweza kumlisha kijana na kumwahidi. Kijana naye, ambaye shule yake imeungua na baba yake amefilisika, hana anachopoteza kwa kusubiri. Pande mbili zisizo na senti ziliingia mkataba ambao malipo yake yangetoka kwenye faida ambayo haijapatikana bado. Kilichokuwa desturi ya baadhi ya wahunzi na nyumba za biashara kikawa njia kuu ya watu karibu wote. Vyama vya vijiji na isusu, upatu wao, vilijazia palipopungua.

Nnewi ilikwenda mbali zaidi. Serikali iliposhusha thamani ya naira kuanzia 1986, uagizaji ukawa ghali. Waagizaji wa spea waliokuwa wamezoeana na viwanda vya Taiwan walinunua mashine kutoka kwa walewale waliokuwa wakiwauzia bidhaa, wakaanza kutengeneza wenyewe: vichungi, betri, breki, vifaa vya plastiki. Innocent Chukwuma alitoka kwenye spea za pikipiki, akagundua kwamba pikipiki zikija vipande vipande kontena moja linabeba nyingi zaidi kuliko zikija nzima, akaziunga Nigeria na kuuza kwa bei iliyowashinda wenzake. Mwaka 2010 kiwanda chake cha magari, Innoson, kilizinduliwa mjini humo.

Inapovunjika

Turudi kwenye deni lisilo na hati, maana kasoro nyingi ni sura zake tofauti.

Iliyo maarufu ni tuhuma za dakika za mwisho. Miezi michache kabla ya kufunguliwa, kijana anaambiwa mzigo haulingani na daftari, na anafukuzwa. Huenda kweli kaiba. Huenda pia oga hana fedha, au mkewe amemshauri fedha hiyo ijenge nyumba. Kwa kuwa hesabu ya mzigo haikufanywa kila mwaka mbele ya watu, hakuna wa kuthibitisha. Dawa inajulikana: kuhesabu duka zima kila Januari, pande zote zikitia saini. Maduka yanayofanya hivyo hayana kesi nyingi.

Upande wa pili upo, na wenye maduka hulalamika kwa haki. Wapo vijana wanaojifungulia wenyewe: anaficha fremu mtaa wa pili kwa jina la rafiki, anapeleka huko wateja na mzigo kidogo kidogo, siku ya kuondoka amekwisha kuwa tajiri kwa fedha ya mwenzake. Mfumuko wa bei umewapa kishawishi zaidi, na matapeli wa mtandaoni wanaoendesha magari wakiwa na miaka 20 wamewafanya wengi waone miaka saba ya kubeba maboksi ni ujinga.

Sarafu ndiyo imeleta pigo jipya. Kabla ya Juni 2023 dola moja ilikuwa karibu naira 460 kwa bei rasmi. Mapema 2024 ilikaribia 1,500. Aliyeahidiwa milioni 2 mwaka 2020 alikuwa akitegemea mtaji wa zaidi ya dola 4,300. Aliyepewa milioni hizohizo mwaka 2024 alishika kama dola 1,330, na bidhaa za Alaba zinatoka China. Ahadi ilitimizwa kwa tarakimu na kuvunjwa kwa thamani. Ndiyo maana wazee wanaojua biashara hushauri mtaji utajwe kwa mzigo: kodi ya fremu ya mwaka mmoja na katoni kadhaa za bidhaa fulani. Hata hapo kuna hila, maana oga anaweza kutoa mzigo uliolala rafuni miaka mitatu na kuuhesabu kwa bei ya rejareja. Anayejua husema mapema: kwa bei ya jumla ya siku hiyo, na kijana achague nusu.

Kifo cha oga kinaumiza kuliko yote. Mjane na ndugu hawajui kwamba deni la kijana lipo, au wanajua na wanasema aliahidiwa na marehemu. Hapo viongozi wa soko huingilia. Vyama vya wafanyabiashara vina mamlaka ya kweli: vinaweza kufunga duka, au kutangaza kwamba fulani asipewe mzigo wa oso ahia, adhabu inayoua biashara ndani ya wiki. Lakini vinahukumu kwa ushahidi wa mdomo, na mzito wa soko husikilizwa kuliko kijana.

Aliyefunguliwa naye huanguka mara nyingi ndani ya mwaka wa kwanza wa uhuru wake. Anakwenda Krismasi na gari la kukodi, anaoa, anachangia kanisa na chama cha kijiji kwa sababu sasa ni tajiri, na ifikapo Machi mtaji umebaki nusu. Washauri wazuri humlazimisha aache fedha kwa oga na achukue mzigo kidogo kidogo.

Wasichana karibu hawamo. Soko ambalo miaka mia iliyopita lilikuwa na akina Omu Okwei limekuwa na mkondo wa mitaji unaopita kwa wavulana tu, kwani familia haziwaachi mabinti kuishi kwa mwanaume asiye ndugu, na oga anahofia ataolewa kabla ya kumaliza. Wao hupata imu oru ya ushonaji au saluni, wanayoilipia, na mwishoni hawapewi mtaji. Upungufu huu hausemwi kwenye sifa za mfumo, nami naona ni mkubwa kuliko ule wa shule, ambao umeanza kurekebishwa: familia nyingi sasa hazimtoi kijana kabla hajamaliza sekondari.

Sheria ya Kazi ya Nigeria inataka mwanagenzi wa miaka 12 hadi 16 awe na mkataba wa maandishi, usiozidi miaka mitano, uliothibitishwa na ofisa wa kazi. Masokoni ni wachache wanaoujua. Hata hivyo karatasi zimeanza kutumika, hasa Lagos, na zilizo nzuri ni za kurasa mbili tu. Zinataja tarehe ya kuanza na kumaliza, nani anatibu, hesabu ya mzigo kila mwaka, mtaji kwa bidhaa na kwa bei ya jumla, fungu la kijana akiondoka baada ya mwaka wa tatu bila kosa, na kwamba oga akifariki, deni linabaki juu ya duka. Wanasaini oga, mkewe, kijana, mzazi na mwenyekiti wa safu. Saini ya mke husahaulika mara nyingi, na ndiyo itakayohitajika siku mume hayupo.